Pale Ngoma Inaponyamaza

Mahamud aliuawa mchana wa jua kali, katika mto wa mchanga ulio chini ya Migwani, na Mbinya aliona kwa sababu alikuwa ndani ya kisima. Mwaka huo, 1936, mvua za mwisho zilikuwa haba, na wanawake walikuwa wamechimba mchanga wa mtoni mpaka visima vikawa virefu kumpita mtu. Mbinya alikuwa chini kabisa, akiteka maji kwa kibuyu huku akiimba midomo imefumbwa, akijaribu sauti ya wimbo ambao haukuwa na maneno bado. Aliposikia kwato za ng'ombe alinyamaza, akapanda vidato vya mchanga hadi macho yake yakafika ukingoni.

Mahamud alikuwa Msomali, mfanyabiashara wa mifugo. Kila kiangazi alipita Migwani akiswaga ng'ombe wa kwenda kuuza Kitui, na watu walimjua kwa jina. Siku hiyo alikuwa peke yake, kwa maana mchungaji wake alibaki nyuma na mguu uliovimba. Alipofika katikati ya mto mshale ulimpata shingoni, chini kidogo ya sikio. Hakuanguka. Aliushika, akauvunja, akageuka kutafuta ulikotoka. Sumu ya mshale ule lazima ilikuwa ya zamani, maana alibaki amesimama, na ndipo wanaume wawili wakatoka kichakani na marungu.

Walimpiga mpaka mikono yake ikaacha kukinga kichwa, na baada ya hapo waliendelea kumpiga. Rungu la mmoja lilipopanda, la mwenzake lilishuka, bila kugongana na bila kuchelewa. Mbinya aliujua mwendo ule kabla hajazitazama nyuso zao. Mmoja alikuwa Mutie, askari wa chifu. Wa pili alikuwa Kivuva, ambaye ndiye aliyempigia Mbinya ngoma kila alipoimba, tangu walipokuwa watoto wa kufukuza ndege shambani. Hata katika kuua, Kivuva hakupoteza mdundo.

Waliburuta maiti hadi kwenye korongo, wakaifunika kwa matawi ya miiba, wakawaswaga ng'ombe kuelekea boma la Chifu Musyoka, ambaye alikuwa mjomba wa Kivuva. Mbinya aliteleza akarudi chini ya kisima. Alikaa humo maji yakimjaa miguuni polepole, mpaka akasikia sauti za wanawake wengine wakija na vibuyu vyao.

Mbinya alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, hajaolewa, na watu walikuwa na la kusema kuhusu hilo. Lakini walisema zaidi kuhusu nyimbo zake. Siku hizo kila kikundi cha ngoma kilikuwa na ngui wake, yaani mtu wa kutunga nyimbo na kuziongoza. Ngui alilishwa na kiongozi wa kikundi, naye akaimba alichotaka kiongozi: amsifu huyu, awatukane wale wa ng'ambo. Mbinya hakuwa ngui wa mtu yeyote. Alitunga nyimbo zake, akaenda kwenye uwanja wowote aliotaka, akaimba, akarudi kwao.

Alikuwa na namna yake ya kutunga. Sauti ilitangulia, akaibeba kazini, akisaga mtama au kuteka maji, mpaka mwili wenyewe ukaizoea. Maneno yalifuata, nayo yalikuwa machache. Aliyajaribu kwa wanawake wa mtoni, na neno walilolikosea mara mbili alilitupa, hata kama yeye alilipenda. Na katika kila wimbo aliacha pengo moja, mahali ambapo ngoma inanyamaza kabisa na sauti ya mtu inabaki peke yake. Alisema kwamba neno la mahali hapo ndilo watu wanalokwenda nalo nyumbani, kwa hiyo lisiwe la uongo. Hakuimba jambo ambalo hakuliona. Chifu Musyoka aliwahi kumtaka amtungie wimbo wa kusifu jinsi alivyowagawia maskini chakula wakati wa nzige. Mbinya alijibu kwamba yeye hakuona chakula hicho kikigawiwa. Mutie alimzaba kofi mbele ya watu, na sikio lake la kushoto likawa linavuma kwa muda mrefu.

Siku chache baada ya mauaji mke wa Mahamud alifika sokoni Migwani. Jina lake lilikuwa Shamso, mwanamke mrefu aliyezoea kuuza samli na ngozi pamoja na mumewe. Alipita kwa kila mtu akiuliza. Alipofika kwa Mbinya, aliyekuwa ameketi na vikapu vyake, alichuchumaa. Hakujua Kikamba, na Mbinya hakujua Kisomali. Walichokuwa nacho wote wawili ni Kiswahili cha sokoni.

"Abaayo," alisema Shamso, akimwita dada kwa lugha ya kwao. "Wewe nachota maji kule mtoni. Bwana yangu nalipita huko. Wewe naona yeye?"

Mutie alikuwa amesimama karibu, amejiegemeza kwenye nguzo ya duka, akitazama. Mbinya alisema hakumwona. Shamso alibaki amechuchumaa pale, akimwangalia usoni, kisha akainuka akaenda kwa mwingine.

Tai ndio walioonyesha maiti ilipo. Chifu Musyoka aliitisha watu, akapiga kelele kwamba Migwani imeaibishwa, na kabla jua halijatua askari wake walikuwa wamemkamata Ndeti. Ndeti alikuwa mchongaji wa mizinga ya nyuki, mtu mkimya, na kosa lake lilikuwa moja tu: mwezi uliopita aligombana na Mahamud kwa sababu ng'ombe walikanyaga kisima chake wakakifukia. Watu wote waliusikia ugomvi ule. Chifu hakuhitaji zaidi ya hapo.

Walimfunga Ndeti mikono kwa kamba za ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi ile ilipokauka ilikaza. Wakamlaza kifudifudi katika uwanja wa chifu, Mutie akamchapa kwa kiboko mbele ya mkewe na watu wa ukoo wake, akimwambia akiri. Nyama ya mgongo ilifunguka. Ndeti hakukiri. Walimwingiza katika ghala tupu la chifu, na kesho yake wakamtoa tena, na siku iliyofuata vilevile. Vidole vyake vikawa vyeusi, na wapita njia waliisikia harufu.

Mbinya alimweleza kaka yake, Musembi, yote aliyoyaona. Musembi alikuwa mkubwa wake kwa miaka miwili, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Alitaka waende Kitui siku hiyohiyo kwa Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya. Mbinya alikataa. Alimkumbusha kwamba kila neno la Mkamba kwa Mzungu lilipitia kwa mkalimani, na mkalimani yule alikuwa ameoa dada ya chifu. Neno lake litaingia katika mdomo wa mtu yule likiwa hivi na kutoka likiwa vingine, na wao wawili watalala ghalani pamoja na Ndeti.

Habari zilikuwa zimefika kwamba Bwana Disii mwenyewe atakuja Migwani kufanya baraza kuhusu kifo cha Msomali, na kwamba chifu anataka ngoma kubwa siku hiyo. Mbinya alimwambia kaka yake kwamba ataimba huko, na ataimba kwa Kiswahili. Bwana Disii anakijua. Polisi wake, Waluo na Wanandi, wanakijua. Shamso anakijua. Hapo mkalimani hatakuwa na kazi.

"Baraza ni mwezi mpya," Musembi alisema. "Wewe unachagua maneno, na kule mtu anavunjwa."

"Nikikosea neno moja watacheka. Wakicheka, Ndeti atanyongwa."

 Musembi alichukua shoka akaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika, na Mbinya alilisikia shoka likipiga hadi jioni.

Wimbo ulimtesa. Kila sauti aliyoianzisha ilirudi kwenye mapigo yale mawili, moja likipanda na jingine likishuka, na alipofumba macho aliona mikono ya Mahamud ikianguka pembeni.  Mwishowe aliacha kuyakimbia mapigo yale. Aliyaacha yabaki, akaweka maneno juu yake.

Aliwafundisha kwanza wanawake wa kisimani, kama mzaha. Yeye aliuliza, "Mchanga una nyayo, nani amepita?" Wao wakaitikia, "Taja jina, taja jina." Hapo palikuwa na kimya. Kisha yeye akasema, "Ni kima," na wote wakarudia kwa nguvu, "Ni kima!" Ubeti uliofuata ulikuwa wa fisi, na mwingine wa upepo ulioezua paa la jirani. Watoto waliushika siku hiyohiyo. Walipenda kuimba kwa Kiswahili, kama askari au watu wa garimoshi. Baada ya muda kila aliyeshuka mtoni aliusikia, na kila aliyeulizwa nani amepita alijua kazi yake ni kulipokea jina na kulirudisha kwa kishindo. Hakuna aliyefikiria jina lenyewe.

Kisha Kivuva akaja. Alifika nyumbani kwao alasiri, ngoma yake ndefu begani, akaamkia vizuri, akaketi kwenye kigogo. Alisema amesikia kuna wimbo mpya ambao kila mtu anauimba isipokuwa mpigaji wake. Mbinya alimwimbia. Alikuwa na hofu kwamba sauti itamsaliti, lakini haikufanya hivyo. Ilikuwa imezoea kumfuata mtu huyu.

Kivuva alisikiliza ameinamisha kichwa. Mikono yake ilianza kutafuta, ikapata, na ikawa ni yaleyale: moja likipanda, jingine likishuka. 

"Mbona Kiswahili?" Kivuva aliuliza.

"Ufike Kibwezi, kwa watu wa reli na wa mkonge."

"Na hizo nyayo ni za nani?"

"Za kima aliyekula mahindi yetu."

Kivuva alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Kisha akatabasamu, akaushika uso wa ngoma kwa kiganja ili usilie. Alimwambia kwamba pengo lake ni fupi mno. Alifanye refu, watu wangoje mpaka washindwe kungoja, ndipo jina litaanguka vizuri. Kivuva alikuwa fundi, na ushauri wake ulikuwa sahihi. Mbinya aliufuata.

Siku ya baraza uwanja wa ngoma, ambao ulikuwa karibu na boma la chifu, ulijaa tangu asubuhi. Bwana Disii aliketi chini ya turubai, chifu kulia kwake amevaa kofia yake ya kazi na koti. Polisi wenye bunduki walisimama nyuma yao. Shamso alikuwa upande wa wafanyabiashara, amejifunga shuka nyeusi. Ndeti aliletwa akaketishwa juani ili aonekane. Hakuweza kuketi wima, na mikono yake ilikuwa imefungwa majani ya mgomba. Watu wa ukoo wake walisimama pamoja upande wa pili wakiwa na fimbo na marungu.

Chifu alisema maneno mengi, kisha akaamuru ngoma. Mbinya aliingia katikati, Kivuva nyuma yake. Vijana walianza kuruka, filimbi zikalia, vumbi likapanda. Aliimba ubeti wa kima, na uwanja mzima ukaitikia. Aliimba wa fisi. Bwana Disii alitabasamu, akapiga goti lake kwa vidole. Kivuva alipiga ngoma kuliko siku zote, jasho likimtiririka kifuani.

Mbinya akaingia ubeti wa tatu.

"Msomali alishuka na ng'ombe mtoni. Mchanga una nyayo, nani amepita?"

"Taja jina, taja jina!"

Ngoma ilinyamaza. Kivuva alikuwa ameshashika ngozi kwa kiganja, kama walivyofanya mazoezi, na mikono yake ilichelewa kuelewa alichosikia. Kimya kikawa kirefu.

"Ni Kivuva."

"Ni Kivuva!" uwanja ulirudisha, mamia ya watu kwa sauti moja, wazee, watoto, hata baadhi ya askari wa chifu. Kisha kila mtu akasikia alichokisema.

Mbinya hakungoja. Aliendelea bila ngoma, upesi. "Nyayo ni za wawili, mwenzake ni nani?"

Waliojibu sasa walikuwa watu wa ukoo wa Ndeti peke yao, nao hawakuimba. "Taja jina."

"Ni Mutie."

Alikuwa amebakiza ubeti mmoja, wa ng'ombe waliko. Hakuufikia. Kivuva aliivua ngoma begani ikaanguka, akachomoa sime, na akampiga Mbinya usoni akiwa bado amefungua mdomo. Makali yalipita kutoka pembe ya midomo hadi karibu na sikio. Hakusikia maumivu mwanzoni. Alisikia hewa baridi kwenye meno ya nyuma, na damu ya moto ikimwagikia kifuani. Kivuva aliinua sime tena. Musembi alimvamia kiunoni, wakaanguka wote, na sime ikashukia bega la Musembi ikakwama kwenye mfupa. Polisi wawili walimkanyaga Kivuva mkono kwa mabuti mpaka vidole vikaachia.

Mutie alikimbia. Hakwenda mbali. Watu wa Ndeti walimkuta kwenye mwisho wa uwanja, na wa kwanza kumpiga alikuwa mke wa Ndeti, kwa jiwe. Kisha wengine wakamzingira. Polisi walifyatua bunduki hewani, mara ya kwanza na mara ya pili, na wanawake wakalala chini juu ya watoto wao, lakini pale palipokuwa na Mutie marungu hayakuacha. Safari hii hapakuwa na mwendo, kila mtu alipiga alivyoweza. Walipotawanyika, Mutie hakuwa na uso.

Katika ghasia ile Shamso alitembea peke yake hadi kwenye lango la boma la chifu. Hakuna aliyemzuia. Alisimama, akaita ng'ombe kwa mwito ambao mumewe aliutumia njiani, sauti ndefu ya kooni. Ng'ombe wekundu kadhaa waliinua vichwa miongoni mwa wa chifu, wakajipenyeza kati ya wenzao, wakaja kusimama mbele yake nyuma ya miiba. Bwana Disii aliona. Chifu Musyoka naye aliona kwamba ameona, akavua kofia yake mwenyewe kabla hajaambiwa.

Kivuva alihukumiwa, akanyongwa kabla ya masika. Mbinya alipelekwa kutoa ushahidi, uso wake umeshonwa kwa uzi mweusi, na ilimlazimu kushika shavu kwa kiganja ili maneno yatoke. Kivuva hakukana. Wakati wote alikuwa akigonga ubao mbele yake kwa vidole, taratibu, mpaka akaamriwa aache. Musyoka aliondolewa kazini, lakini hakufungwa. Alisema aliwaokota ng'ombe wakizurura.

Ndeti alikatwa mkono mmoja hospitalini, kwenye kifundo, maana ulikuwa umeoza. Wa pili ulibaki, ila vidole havikuweza tena kushika patasi. Mbinya alikwenda kumwona pamoja na Musembi. Walimkuta ameketi mlangoni pake, mizinga ambayo hakuimaliza imepangwa ukutani. Aliwakaribisha, mkewe akaleta uji. Ndeti alimuuliza Mbinya alijua lini ni nani aliyeua. Mbinya alisema alijua tangu siku ileile. Ndeti akauliza kama ni kweli, kama watu wanavyosema, kwamba wimbo ule aliutengeneza kwa siku nyingi.

"Ni kweli, mzee."

"Siku zote hizo ulikuwa unatafuta maneno?"

"Ndiyo."

"Basi nenda nyumbani," Ndeti alisema. "Sina ugomvi na wewe. Lakini nenda."

Watu wa Kivuva hawakukaa bure. Walichoma ghala la akina Mbinya mtama ukiwa ndani, na ng'ombe wao wawili wakakutwa wamekatwa mishipa ya miguu. Musembi, ambaye mkono wake haukuweza tena kupanda juu ya bega, alimvusha dada yake mto Athi, akampeleka Kalamba kwa shangazi yao.

Shangazi Mumbua alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa pale kuingia kanisa la misheni, na kwa sababu hiyo jirani zake walimkasirikia kila alipowakemea kuhusu pombe, yaani karibu kila siku. Alimpokea Mbinya, akampa jembe. Walilima pamoja. Kovu lilikuwa limevuta mdomo wa Mbinya upande, na alipozungumza herufi nyingine zilitoka na upepo. Hakuimba.

Lakini wimbo ulikuwa umefika Kalamba kabla yake. Vijana waliokwenda kukata mkonge Kibwezi waliuchukua huko na kurudi nao. Sauti ni ileile, swali ni lilelile, na katika pengo waliweka jina walilotaka. Siku za kwanza lilikuwa la nyapara aliyewaibia chakula, na Mbinya aliposikia shambani alisimama na jembe mkononi akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baraza kuhisi furaha. Baadaye wakaweka jina la msichana aliyemkataa mmoja wao. Baba wa msichana alimpiga binti yake kwa sababu ya wimbo huo mpaka akazimia. Mbinya alisikia hilo pia, akaacha kusimama kusikiliza.

Kisha mtoto akafa, wa nyumba ya tatu kutoka kwa Mumbua. Alikufa kwa homa, kama watoto wengine wengi wa msimu ule. Siku ya pili baada ya maziko Mbinya alikuwa mbali shambani aliposikia ngoma mchana. Alisikia swali, "Mtoto amelala haamki, nani amepita?" Akasikia mwitikio. Akasikia kimya kile kirefu, kile ambacho Kivuva alimfundisha. Na baada ya kimya sauti nyingi zikasema, "Ni Mumbua!"

Alikimbia. Alipofika nyasi za paa zilikuwa zinawaka, na Mumbua alikuwa amepiga magoti mlangoni, mkono wake wa kulia umevunjika juu ya kiwiko, mfupa umechomoza. Waliokuwa uani walikuwa vijana wengi na wanawake kadhaa, wameshika mawe na fimbo. Wengi aliwajua, maana aliteka maji nao. Mpigaji ngoma alikuwa anaanza tena, na kila swali lilipoulizwa mawe yalingoja, na jina lilipotajwa yalirushwa. Ulikuwa ni wimbo wake, nao ulifanya kazi vizuri.

Mbinya aliingia katikati, akasimama mbele ya shangazi yake. Swali lilipokuja aliliacha lipite. Watu wakaitikia, "Taja jina, taja jina!" Ngoma ikanyamaza. Mbinya akawahi kabla ya kiongozi wao.

"Ni Mbinya."

"Ni Mbinya!" walirudisha kwa mazoea, na jiwe likampata kwenye paja, jingine kwenye mbavu.

Walisitasita. Yeye hakusita. Aliuliza mwenyewe, kwa sauti ile iliyochanika, nani ametunga, na akajibu ni Mbinya. Akauliza nani aliuleta wimbo huu duniani, akajibu ni Mbinya. Kijana mmoja akacheka. Mwingine akarusha jiwe, nalo likampata kwenye kovu, shavu likapasuka palepale pa zamani. Aliendelea kuimba damu ikimtoka mdomoni, akiziba kila pengo kabla mtu mwingine hajalifikia, hata waliotaka kumtaja Mumbua wakawa hawana mahali pa kuliweka jina lake.

Aliyeumaliza mzozo ule alikuwa Nzomo, baba wa mtoto aliyekufa. Alitoka nyumbani kwake kichwa chake kimenyolewa kwa ajili ya msiba, akapita kati ya watu, akamnyang'anya mpigaji ngoma yake. Hakupaza sauti.

"Mtoto wangu alikufa kwa homa, hakurogwa," alisema. "Mimi sikutaja mtu. Nendeni."

Waliondoka mmoja mmoja, wengine wakiwa bado na mawe mikononi, kana kwamba hawajui pa kuyatupa. Nyumba ilikuwa imekwisha kuungua. Nzomo na Mbinya walimbeba Mumbua hadi kivulini, Nzomo akamshikilia kwa nguvu wakati Mbinya akirudisha mfupa mahali pake, na Mumbua, ambaye alikuwa na neno kwa kila mtu, alilia bila kusema lolote.

Walijenga nyumba nyingine, ndogo zaidi. Mbinya alirudia kutunga mwaka uliofuata. Nyimbo zake hazikuwa tena na pengo. Zilikwenda mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, ndefu, zenye maneno mengi, kila jambo likisimuliwa lilivyokuwa na nani aliliona, na zilikuwa ngumu kushikwa. Vijana wa Kalamba walizijaribu, wakalalamika kwamba haziwapi mahali pa kuitikia, wakaziacha. Hazikufika Kibwezi. Aliyezijua zote alikuwa Mumbua, ambaye mkono wake haukunyooka tena. Alizipenda kwa kazi ya kupura mtama, na wapita njia waliwasikia wanawake wawili nyuma ya boma, mmoja mwenye sauti kubwa na mwingine mwenye sauti ya upepo, wakiimba polepole ili wasikose neno.